Pazia la Mama Mkwe Katika Lori la Mahmudu

Mangeni alikuwa na macho mawili kama watu wote, ila yake yalikaa pembeni kama ya sungura. Moja lilitazama kushoto, moja kulia, na la kutazama mbele Mungu alisahau kumpa. Msiseme natia chumvi. Chumvi naijua, niliuza samaki wa chumvi miaka arobaini. Hii ni ile ya kutosha mboga tu.

Watu wa Busia wanamkumbuka vibaya mkwe wangu huyu. Wanasema alikuwa dereva mwenye majivuno, anapita na lori uso umekaza, hasalimii hata shangazi yake. Inaniudhi. Hawajui alifikaje huko wala nani alimfikisha. Mimi najua, kwa sababu ni mimi.

Alizaliwa Usamia, karibu na mto Sio, baba yake mvuvi. Akiwa mtoto wa miaka kumi alipanda fahali wa jirani, akaenda naye mnadani, akarudi naye, na yule fahali mpaka anachinjwa hakujua kwamba alipandwa. Kuongoza kitu kulikuwa mikononi mwake, hilo simnyimi. Alipotimiza miaka kumi na saba akaenda Tororo kutafuta kazi. Ilikuwa wakati ule wanajenga kiwanda cha simenti karibu na mwamba, na malori yalitakiwa kuliko mvua. Huko akampata Mahmudu, Mwislamu wa mjini mwenye lori moja la Bedford, jekundu upande mmoja, kutu upande wa pili. Mahmudu miguu ilikuwa imeanza kuvimba, kukanyaga klachi hawezi tena. Akamfundisha kijana miezi mitatu, kisha akampeleka kwa Mzungu wa leseni.

Mzungu akapanga mapipa mawili, akamwambia arudi nyuma katikati yake. Mangeni akarudi nyuma bila kugusa hata kutu ya pipa. Kurudi nyuma ndiko kulikokuwa kipaji chake. Kwenda mbele ndiko kulikotushinda.

Wiki hiyohiyo aliyopata leseni akamwoa binti yangu Norah. Mvulana wa miaka kumi na nane, ndevu hazijatoka, ana lori mkono mmoja na mke mkono wa pili! Nikamwambia jirani yangu, hapa kuna mkono utakosa kazi, na hautakuwa ule wa mke.

Kazi ilikuwa kubeba pamba kutoka Busia kwenda Tororo, na kurudi na sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Sasa huku kwetu mtu hampiti mtu bila salamu. Na salamu si neno moja. Unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza ng'ombe na mvua, ndipo unaaga. Kijana akipanda lori akapita kimya, watu wanasema, "Yule naye amekuwa Mzungu." Mangeni hakutaka kuitwa Mzungu. Kwa hiyo alitoa kichwa nje ya dirisha, mkono nje, akasalimia. Na salamu yake haikukatika mpaka anayesalimiwa amebaki nyuma nusu maili, yeye bado anamuuliza habari ya ndama.

Mahmudu alikaa pembeni yake ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mangeni! Macho mbele!"

"Bwana Mahmudu, yule ni mjomba wangu."

"Na yule wa pili?"

"Rafiki ya mjomba."

"Na yule ng'ombe uliyempungia mkono?"

"Ng'ombe wa mjomba."

Mahmudu akaona amtafutie njia. "Basi salimia kwa honi. Mkono mmoja unabonyeza, macho yanabaki mbele." Mangeni akabonyeza honi kutoka Busia mpaka Tororo. Kuku wa Sop Sop, ambako lori hata halikupita, waliacha kutaga wiki mbili. Betri ikafa njiani, ikabidi watu wasukume lori, na Mangeni akapata nafasi ya kuwasalimia mmoja mmoja vizuri.

Mahmudu alikuja kwangu kununua samaki, akakaa juu ya kinu changu, akatikisa kichwa. "Mama Nasirumbi, nimefundisha vijana saba. Wote mkono wanao, mguu wanao. Jicho ndilo sijui mtu analifundisha vipi. Wakiwa wapya wanafikiri gari ni kiti cha kutazamia dunia."

"Mchape," nikasema.

"Nimchape anaendesha? Ataniangalia!"

Lakini salamu ilikuwa homa tu. Ugonjwa wenyewe nilikuwa mimi.

Kwetu, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe. Mkikutana njiani yeye anaingia majanini na kugeuza mgongo, wewe unajifunika leso, mnapitana kama hamkuonana. Kuzungumza hakuna. Ukiwa na neno naye, unaliambia kuku au mti, na yeye akiwa karibu anasikia. Ni heshima nzuri sana. Ila wazee walioiweka walikuwa wanatembea kwa miguu.

Siku hiyo nilikuwa natoka soko la Tororo, kikapu kitupu kichwani, nimevaa gomesi yangu mpya ya njano, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka. Njano yenyewe ilikuwa kali, nyuki walinifuata. Si mbali na Rubongi nikasikia lori. Nikajua ni yeye kwa honi. Yeye akajua ni mimi kwa gomesi. Na Mangeni akafanya sawasawa alivyofundishwa na mama yake: akashusha kofia usoni, akageuza mgongo, akaingia majanini.

Lori likaingia pamoja naye.

Liliruka mtaro, likalaza mihogo ya watu mistari sita, likasimama kwenye kichuguu. Nami nilikuwa nimechutama chini ya kikapu changu, kwa sababu heshima ni heshima. Nikachungulia kwenye tundu. Mangeni alikuwa mzima, ameketi ndani ya lori anatazama upande wa pili, bado amenipa mgongo. Mahmudu akatoka na majani ya mhogo kwenye ndevu.

"Mama Nasirumbi! Sema na mtoto wako!"

"Siwezi. Ni mkwe."

"Karibu atuue!"

"Nimeona. Siwezi kusema naye."

Palikuwa na mbuzi wa mwenye shamba, amefungwa kwenye kigingi, anakula mihogo ya bure tuliyomwangushia. Nikamgeukia.

"Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti ya kufika Malaba, "mtu mwenye akili akishika usukani anatazama njia. Hata apite nani. Hata apite kaburi la babu yake linatembea. Umesikia, mbuzi?"

Kutoka kwenye lori sauti nyembamba ikajibu, "Mbuzi, waambie wakubwa nimesikia. Lakini waambie pia kwamba mimi si mtoto asiye na adabu."

"Mbuzi, mwambie adabu haina breki!"

"Mbuzi, sema samahani."

Mahmudu akaketi chini, akashika kichwa. "Nimepewa kazi na wendawazimu watatu," akasema, "na mmoja ana pembe."

Nilicheka njia nzima kurudi Busia. Na nilikosea kucheka.

Niliiweka ile gomesi sandukuni, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe duka lililoniuzia lilikuwa na robota nzima la kitambaa kile. Haikufika mwezi, kila mwanamke aliyekwenda sokoni alivaa njano. Barabara yote ikawa mama mkwe. Mangeni akiona njano mbali, kofia inashuka, shingo inageuka, lori linayumba. Alimkimbia mke wa katekista. Alimkimbia muuza ndizi asiyejua hata jina lake. Siku moja alilikimbia shuka la njano lililoanikwa.

Halafu ikaja siku ya Omaido. Omaido alikuwa Mteso, muuza maziwa, anapita na baiskeli na madebe mawili kila asubuhi. Mangeni aliona gomesi ya njano kushoto, akageuza uso kulia, na lori likaenda kushoto peke yake. Omaido alisikia injini mgongoni, akaruka. Baiskeli haikuruka. Nilifika baadaye na wenzangu wa sokoni. Maziwa yalikuwa yametapakaa meupe juu ya udongo mwekundu, na Omaido ameketi katikati ameshika goti, damu inapita kwenye vidole. Hakugomba. Alikuwa anatazama baiskeli yake ilivyokunjwa kama mkeka, na alama ya gurudumu la lori, na kutoka alama mpaka mahali alipoangukia ilikuwa shubiri moja. Nilipima kwa kiganja changu. Hapo sikutia chumvi.

Norah alikuwa ndani ya lori siku hiyo, mimba ya miezi mitano. Jioni alikuja nyumbani, akaketi mlangoni, hakuvua hata viatu.

"Mama, leo nimeona nitarudi kwako mjane."

Nikainama, nikamvua viatu mwenyewe.

Mahmudu alimnunulia Omaido baiskeli nyingine. Kisha akamwambia Mangeni mbele ya watu: "Sikia kijana. Umeingia majanini mara nyingi. Ukiingia mara moja tena, nachukua ufunguo, na leseni naipeleka mwenyewe kwa Mzungu. Sitaki kuzika mtu kwa sababu ya adabu yako."

Basi nikaenda kwa Oguttu, kaka wa marehemu mume wangu, mzee wa ukoo. Nikamkuta anasuka kamba.

"Shemeji, nataka kuonana na mkwe wangu. Mila itufungulie."

"Itawafungulia. Mtoto wa kwanza akiota jino, mkwe ataleta kuku, mtakula pamoja. Kuanzia hapo mtaonana."

"Jino! Mtoto hajazaliwa!"

"Basi subiri."

"Lori halisubiri jino, shemeji."

"Basi usipite barabarani."

"Samaki wangu watakwenda sokoni kwa miguu yao?"

Akaendelea kusuka. Nilitamani ile kamba, niseme ukweli, na si kwa kufungia ng'ombe. Nikamweleza habari ya Omaido, damu, shubiri moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kama anayemwambia mtoto: "Nasirumbi, dawa ya hilo hakuna. Macho hayana pazia."

Niliondoka nimenuna. Nusu ya njia nikasimama. Macho hayana pazia? Nani alikataza kuyawekea?

Asubuhi nilikwenda mahali Mahmudu anapopakia pamba. Nilikuwa na shuka, misumari minne, na kuku jike mwekundu kwapani. Mangeni aliponiona alikimbilia nyuma ya lori. Sikumjali. Nikapanda, nikapigilia shuka kutoka dari ya lori mpaka chini kwenye gia, katikati ya kiti cha dereva na kiti cha pili. Nikaketi upande wangu na kuku mapajani.

"Mama, unafanya nini ndani ya gari yangu?" Mahmudu akauliza.

"Nasafiri. Wewe panda juu ya pamba."

"Miguu yangu hii?"

"Chagua miguu au kichwa. Sikia, Mahmudu. Kushoto kwake nipo mimi nyuma ya pazia, hawezi kugeuka. Kulia kwake ni barabara, akiitazama hiyo ndiyo tunayoitaka. Na hao wa gomesi za njano? Mama mkwe ni mmoja. Akijua niko humu ndani, walio nje wote ni wake za watu tu."

Mahmudu alilitazama shuka, akaitazama miguu yake. Kisha akapanda juu ya pamba, anasoma dua.

Wajukuu zangu, huyo kijana aliendesha! Shingo haikugeuka. Waliotuona wanaapa nzi alitua puani mwake pale Busia, akatembea, akanawa mikono, akalala. Tulipofika Tororo bado yumo puani, amezeeka. Kupiga kelele za salamu hakuthubutu, kelele mbele ya mama mkwe ni aibu. Waliosimama njiani wakapunga mikono bure. Gomesi za njano zikapita kushoto na kulia kama maua.

"Kuku," nikasema, "naona baiskeli mbele."

"Kuku, sema nimeiona tangu kwenye mwembe."

"Kuku, mwambie vizuri."

Tulikwenda hivyo mwezi, miwili, mpaka msimu wa pamba ukaisha ukaja mwingine. Msidhani nilikuwa nafurahi. Kiti kile kilikuwa na chuma kilichopenya, na mpaka leo nikikaa nakaa upande. Kuku alinichafulia gomesi tatu. Wazee walisema nimeharibu mila, vijana walisema mimi ndiye dereva. Na Mahmudu, kwa uchu, aliniletea vijana wengine wawili anaowafundisha. "Kaa nao pia, Mama." Nikakaa. Lakini hao hawakuwa wakwe zangu! Walichungulia pazia, wakaniomba hadithi. Mmoja nilimsimulia ile ya fahali, akacheka mpaka akapanda kichuguu. Nikashuka, nikamwambia Mahmudu hiyo dawa ni ya mgonjwa mmoja tu.

Norah akazaa mtoto wa kiume. Alipotimiza miezi sita jino likatoka, nililigusa mwenyewe kwa kucha. Mangeni akaja rasmi, amevaa koti la kuazima, kuletea ukoo kuku wa kufungua macho. Na ni kuku gani aliyemchagua? Yuleyule mwekundu. Alisema amemzoea. Alikuja kwangu kumchukua kwa mkono wa kushoto, akanirudishia mbele ya wazee kwa mkono wa kulia. Tukamchinja, tukala pamoja sahani moja, Oguttu akasema maneno yake, nikamwona mkwe wangu uso kwa uso mara ya kwanza. Ana kovu dogo kwenye kidevu. Sikulijua.

Kesho yake nilipanda lori kwenda sokoni. Pazia nilikuwa nimeling'oa, la nini tena? Mahmudu alikuwa juu ya pamba, alikwisha kupazoea. Tukatoka. Barabara tupu, asubuhi nzuri. Mangeni akageuka kwangu mzimamzima, meno yote nje.

"Mama! Umeamkaje, Mama?"

Salamu za mwaka mzima na nusu zilikuwa zimerundikana kifuani mwake, zikatoka zote kwa pamoja. Nyumba? Miguu? Mgongo? Samaki wanatoka? Na kwa kila moja alinitazama machoni anasubiri jibu, kama mtoto mwema.

Nami nikamwona Omaido mbele, na baiskeli yake, na madebe yake.

Mkono wangu ulikwenda mapajani kumtafuta kuku. Kuku alikuwa tumboni. Mdomo ulifunguka, na kwa pumzi moja sikujua niseme na nani, maana tangu amwoe binti yangu sijawahi kumwambia mtu huyu neno.

"Wewe Mangeni! Tazama mbele!"

Akageuka. Akakanyaga. Lori lilipiga kelele kama nguruwe, mimi nikabusu kioo, robota moja la pamba likaanguka na Mahmudu juu yake. Vumbi lilipotulia, bampa ilikuwa imegusa gurudumu la nyuma la baiskeli. Imegusa tu, kama mtu anayebisha hodi. Omaido hakushuka. Aligeuza kichwa polepole, akanitazama kupitia kioo.

"Nasirumbi," akasema, "rudisha pazia."

Mangeni alizima injini. Akashuka, akamwendea Omaido, akapiga goti kwenye vumbi, akamsalimia, nyumba, watoto na goti. Kisha akamwendea Mahmudu aliyekuwa anajikung'uta pamba, akamnyooshea ufunguo.

"Niligeuka, Bwana. Nilimtazama Mama. Chukua."

Mahmudu akautazama ufunguo. "Umeingia majanini?"

"Hapana."

"Nilisema majanini," Mahmudu akasema. "Na wengine wote niliowafundisha, hakuna aliyewahi kuniletea ufunguo mwenyewe. Panda."

Tangu siku hiyo Mangeni aliendesha kwa Mahmudu, na Mahmudu alipokufa akaendesha kwa warithi wake, mpaka bendera ya Mwingereza ikashushwa, na lori halikugusa jani. Hasalimii mtu injini ikiwaka. Hapungi mkono, hageuki, hata umwite kwa jina la ubatizo. Ndiyo hayo wanayoita majivuno.

Lakini yeye bado ni Msamia. Salamu hawezi kumnyima mtu. Kwa hiyo akiona mjomba, anasimamisha lori. Anavuta breki ya mkono. Anazima injini. Anashuka. Anauliza nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Anapanda, anawasha, tunakwenda hatua mia, tunakutana na rafiki ya mjomba. Anasimamisha lori. Safari ya asubuhi tunaimaliza alasiri, soko limefungwa, na mimi nimekaa juu ya kile chuma na kapu langu linanuka mpaka nzi wenyewe wanakohoa. Nikinung'unika anazima injini tena, ananigeukia kwa heshima yake yote.

"Mama, habari ya samaki?"

Samaki wameoza, Mangeni. Washa gari. Tazama mbele. Twende.